Nyuki Waliohamia Darini

 

Leo hatusomi habari za wafalme wala za vita. Tunasoma habari za nyuki na nyumba ya mwanadamu. Nyuki wakiingia darini, shauri la kwanza la watu wengi ni mafuta ya taa na kiberiti. Nyuki hufa, lakini pengine paa la makuti nalo hushika moto, na watu wa nyumba hiyo hulala nje. Wengine huziba tundu kwa udongo. Nyuki waliofungiwa hutafuta njia nyingine, wakatokea katika chumba walimolala watoto. Basi na tuulize: je, hakuna njia iliyo bora?

Kwanza tujue sababu ya nyuki kuja kwetu. Twende mpaka Ujerumani, katika mji wa Munich, mwaka 1949. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minne nyuma, na majengo mengi yalikuwa magofu. Mtaalamu mmoja, jina lake Martin Lindauer, alitazama kundi la nyuki lililoning'inia nje ya mzinga. Akaona baadhi yao wanacheza juu ya wenzao, nao ni wachafu. Mmoja ana masizi, mwingine ana vumbi jekundu la matofali. Lindauer akatambua kwamba hao ni wapelelezi. Walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka, na kwa mchezo wao waliwaeleza wenzao mahali penye nafasi.

Katika miaka ya 1970 Thomas Seeley wa Marekani alipima matundu wanayoyapenda nyuki wa kule. Aliona wanachagua tundu la lita 40 hivi, yaani kama madebe mawili, lenye mlango mdogo, tena lililo juu ya ardhi. Nyuki wetu wa Afrika hukubali hata nafasi ndogo kuliko hiyo. Sasa tazameni dari zenu. Mnaona? Nyuki hakuja kufanya vita. Alikuwa akitafuta nyumba, akaiona.

Jambo hili wazee wetu walilijua kwa kazi yao. Huko Tabora, mfuga nyuki hutengeneza mzinga wa gogo au wa gome la mti, akautundika mtini ukiwa mtupu. Hanunui nyuki, wala hawakamati. Hungoja tu, nao nyuki huja wenyewe. Kwa mizinga hiyo nta ya Unyamwezi iliuzwa hata ng'ambo.

Maarifa ya pili ni moshi. Huko Misri, katika kaburi la waziri Rekhmire, ipo picha yenye umri wa zaidi ya miaka 3,400. Inaonyesha mtu ameshika chombo cha moshi mbele ya mizinga, na mwenzake anatoa masega. Moshi una kazi mbili. Nyuki wakiusikia hujaza matumbo asali, kama watu wanaojiandaa kuhama, na hasira yao hupungua. Tena moshi hufunika harufu ya hatari. Nyuki akiuma hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake. Kwa hiyo usimpige wala usimponde nyuki karibu na kiota. Ukimponda mmoja, umeita mia.

Maarifa ya tatu ni ya kuhamisha masega. Zamani huko Ulaya watu wengi walifuga nyuki katika vikapu vya majani makavu, na ili wapate asali waliwaua nyuki kwa moshi wa kiberiti cha unga. Mwaka 1851 Lorenzo Langstroth wa Marekani alitambua kwamba ukiacha mwanya mdogo, usiofika sentimeta moja, nyuki hawauzibi. Akatengeneza mzinga wenye fremu zinazoinuliwa moja moja bila kuvunjika. Kwa njia hiyo mtaalamu wa leo huweza kukata masega yenye majana darini, akayafunga kwa uzi katika fremu, akayatia mzingani. Malkia akiingia humo, wengine humfuata.

Sasa ninyi mfanye nini? Mkiona kundi linaning'inia mtini bila masega, liacheni. Wanapumzika, na mara nyingi huondoka baada ya saa chache au siku chache. Waondoeni watoto, na fungeni mbuzi na mbwa mbali. Ikiwa nyuki wamekwisha jenga darini, msiwashe moto, msizibe tundu. Mwiteni mrina asali anayejua kazi yake, au afisa nyuki wa wilaya. Atakuja jioni au usiku, na moshi, na mzinga. Wakiisha hama, kwangueni nta yote, osheni mahali pale, ndipo mzibe tundu. Harufu ya nta ikibaki, kundi jingine litakuja. Mkipenda, tundikeni mzinga mtupu mbali na nyumba na njia.

Na wakiwashambulia? Funika uso, kimbilia ndani ya nyumba, funga mlango. Usijitupe majini, maana wanaweza kukungoja juu. Ng'oa miiba upesi kwa kukwangua na ukucha. Aliyeumwa mara nyingi, au anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Ndugu zangu, nyuki hao ndio wanaochavusha maua ya maboga na alizeti zetu. Aliyewachoma amepoteza asali, nta na mavuno, na pengine nyumba yake pia. Mgeni aliyekosea mlango huonyeshwa njia, hauawi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Lindauer alijuaje kwamba nyuki wachafu walikuwa wapelelezi?
2. Moshi hufanya kazi gani mbili?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayejua kurina asali bila kuua nyuki? Mwalikeni darasani awafundishe.