Hip hop ya Arusha

Hip hop ya Arusha ni muziki wa kufokafoka, pamoja na uchezaji na utamaduni unaoambatana nao, uliokua katika jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania. Mashabiki huutaja kwa majina ya mtaani ya jiji hilo, kama vile A-Town, Chuga au R. Wasanii wake wanaojulikana zaidi ni X Plastaz, Nako 2 Nako, Watengwa, Joh Makini na kundi la Weusi.

Kwa kawaida historia ya hip hop nchini Tanzania huanziwa mwaka 1991, Saleh Jabir alipotoa toleo la Kiswahili la wimbo "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice. Mwanzo huo unafaa kwa kuchana kwa Kiswahili peke yake. Muziki wenyewe ulikuwa umekwisha kuingia nchini miaka kadhaa kabla, na uliingia kwa miguu na mabega, si kwa maneno. Ulikuwa muziki wa elektro, na vijana waliuchezea breki dansi.

Elektro na breki dansi

Elektro, au elektro-funki, ni muziki wa dansi uliotokea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulichukua mdundo wa funki uliopigwa na watu kama James Brown, ukamwondoa mpiga ngoma na kuweka mashine mahali pake. Mashine iliyopendwa zaidi ni TR-808 ya kampuni ya Roland ya Japani, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1980 hadi 1983. Zilitoka takriban 12,000 tu. Wanamuziki wengi waliikataa kwa sababu sauti zake hazikufanana na ngoma halisi, hivyo zilizotumika ziliuzwa kwa bei ya chini na kuwafikia vijana wasio na fedha. Besi yake nzito, inayosikika kifuani kabla ya kusikika masikioni, ndiyo iliyobaki katika muziki wa dunia nzima hadi leo.

Wimbo uliouweka wazi mtindo huu ni "Planet Rock" (1982) wa Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, uliotayarishwa na Arthur Baker pamoja na John Robie. Melodia yake ilitokana na wimbo "Trans-Europe Express" wa kundi la Kijerumani la Kraftwerk. Mwaka 1983 Herbie Hancock alitoa "Rockit", ambamo sauti ya santuri inayokwaruzwa kwa mkono ilisikika kama ala kamili.

Neno "breki" lina asili yake katika mtaa wa Bronx, New York. Katika sherehe iliyofanyika tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alirefusha kile kipande cha wimbo ambapo mwimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Wachezaji walikuwa wakikisubiri kipande hicho ili waingie uwanjani. Uchezaji uliofika Afrika Mashariki ulichanganya mambo mawili: kuviringika sakafuni na kuzunguka kwa mgongo au kichwa, kulikotoka New York, na kukakamaza viungo kama mashine au kupitisha wimbi kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kulikotoka California. Kwa mtazamaji wa Tanzania yote yalikuwa breki.

Namna ulivyofika kaskazini

Tanzania bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyotoa nafasi kubwa kwa bendi za nyumbani. Kwa hiyo breki dansi ilienea kwa kanda za video. Filamu mbili za mwaka 1984, "Breakin'" na "Beat Street", zilitazamwa katika vibanda vya video na katika nyumba chache zilizokuwa na deki, tena na tena, mpaka kila hatua ikakaririwa. Hapo ndipo waliposoma wengi wao; hakukuwa na mwalimu mwingine.

Kwa Arusha kuna jambo la ziada, nalo ni mpaka wa Namanga, ulio umbali wa kilomita zipatazo 110 kutoka mjini. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake makuu Arusha, ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya viongozi wa nchi tatu kukutana palepale Arusha. Mwaka uliofuata bajeti ya serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Mambo hayo mawili yaliangukia katika miaka ileile elektro ilipokuwa kileleni. Kanda, redio kaseti, betri na raba za kuchezea, ambavyo vilikuwa adimu, vilianza kupatikana. Na Nairobi, yenye maduka ya muziki, ilikuwa karibu na Arusha kuliko Dar es Salaam.

Mahali pa kuonyesha ujuzi palikuwa disko toto, yaani disko la mchana kwa vijana, hasa siku za sikukuu. Wakubwa hawakufurahi wote. Nchi hii ilikwisha kupambana na dansi za kigeni: Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Aidha, mwaka 1983 ilipitishwa sheria iliyozaa kampeni ya Nguvu Kazi, ambayo iliwakamata mijini watu waliohesabiwa kuwa wazururaji. Kijana aliyekutwa akizunguka kwa kichwa juu ya boksi lililokunjuliwa alikuwa na kazi ngumu ya kueleza kwamba anafanya mazoezi.

Kutoka dansi hadi mashairi

Breki ilipofifia, muziki wake ulibaki na maneno yakachukua nafasi. Kundi la Kwanza Unit liliundwa Dar es Salaam mwaka 1993, na redio binafsi zilizoanza mwaka uliofuata ziliwapa wachanaji uwanja. Jina "bongo flava" likafuata. Arusha, iliyo zaidi ya kilomita 600 kutoka kwenye studio na vituo hivyo, ilichelewa kusikika, lakini umbali huo ulikuwa pia na faida: msanii asiyetegemea kupigwa redioni kesho hana haja ya kulainisha biti. Ndiyo sababu wasanii wengi wa huko walikataa kuitwa bongo flava na kushikilia neno hip hop. Lugha yao nayo ina ladha ya kwao, yenye "chalii" kwa kijana wa kiume na maneno mengine yanayopita mpaka wa Kenya bila pasipoti.

X Plastaz

X Plastaz lilianzishwa Arusha mwaka 1996. Kiini chake kilikuwa Faza Nelly, Ziggy-Lah na Gsan, na baadaye waliingia vijana wadogo zaidi, akiwemo msichana Diney. Aliyelitofautisha kundi na mengine yote ni Yamat Ole Meibuko, Mmaasai aliyeimba kwa Kimaasai akiwa amevaa shuka.

Muungano huo si wa ajabu kama unavyoonekana. Uimbaji wa Kimaasai hautegemei ngoma: kiongozi, anayeitwa olaranyani, hutoa mstari, na kundi humjibu kwa mikoromo ya kifuani inayojirudia bila kubadilika. Kwa mchanaji, hiyo ni biti iliyokwisha kutengenezwa. Waarusha, wakulima wa miteremko ya Meru wanaozungumza Kimaasai, huimba kwa namna iliyo karibu nayo.

Albamu yao, "Maasai Hip Hop", ilitolewa mwaka 2004 na OutHere Records ya Munich, Ujerumani. Jina hilo lilizua maswali, kwani shuka huuzwa kwa watalii kila kona ya Arusha, na Mmaasai katika kundi alikuwa Yamat. Hata hivyo mashairi hayakuandikwa kwa ajili ya watalii. Wimbo "Nini dhambi kwa mwenye dhiki?" unahusu umaskini wa mjini na unafuatwa vizuri na anayejua Kiswahili tu. Faza Nelly alifariki mwaka 2006. Gsan alichana kwa Kiswahili katika tuzo za BET Hip Hop za mwaka 2009 nchini Marekani.

Kizazi kilichofuata

Nako 2 Nako, lenye G-Nako na Lord Eyez, lilivuma katikati ya miaka ya 2000, na Watengwa, kundi la JCB na Chindo, lilibaki upande wa mashairi makali. G-Nako na Lord Eyez walikuja kukutana na ndugu wawili, Joh Makini na Nikki wa Pili, katika Weusi. Mwaka 2015 Joh Makini alitoa "Don't Bother" akishirikiana na AKA wa Afrika Kusini. Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, Juni 2021.