Safari ya Barua: Jinsi Ofisi za Wilaya Zilivyopangwa Upya
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Leo tuna somo la historia. Tunazungumza na darasa la Kimbiji, kwa hiyo historia hii tutaitazama kutoka Kimbiji. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: barua, sahihi, ofisi.

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za vita na wafalme. Lakini ofisi nazo zina historia yake. Karani hakuzaliwa na mhuri mkononi. Kuna mtu aliyekaa akapanga kwamba barua hii ianze hapa, ipite pale, itiwe sahihi na fulani. Mpango huo ukiwa mbaya, mwananchi huuona kwa miguu yake, maana yeye ndiye anayekwenda na kurudi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme ni mwaka wa 1970, na pampu ya kisima imeharibika katika kijiji kimoja cha pwani. Wazee wanaandika barua. Bwana Maji wa wilaya anaipokea, anaikubali kuwa ni ya kweli, lakini hana ruhusa ya kutoa fedha. Yeye ni mtumishi wa wizara yake, basi anawaandikia wakubwa wake. Wakubwa wanapeleka hesabu Hazina. Jibu linarudi kwa njia ile ile, hatua kwa hatua. Na Bwana Shamba, ambaye pengine ofisi yake ni mlango wa pili, hajui lolote, kwa sababu yeye ana wizara yake nyingine. Kila mmoja alitazama juu, hakuna aliyetazama pembeni.

Serikali iliiona taabu hii. Ikaita kampuni moja ya Marekani, jina lake McKinsey, ambayo kazi yake ilikuwa kuyashauri makampuni makubwa namna ya kupanga kazi zao. Ni jambo la kuchekesha kidogo: nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka wa 1967 ikaazima ushauri kwa washauri wa mabepari. Lakini fundi mzuri huitwa popote alipo.

Mwaka wa 1972 Mwalimu Nyerere akatangaza mpango mpya, ukaitwa Madaraka Mikoani. Ndugu Rashidi Kawawa akawa Waziri Mkuu mwaka huo, na ofisi yake ikapewa kazi ya kuusimamia. Katika kila mkoa akawekwa Mkurugenzi wa Maendeleo, na katika kila wilaya vile vile. Watumishi wa kilimo, afya, elimu, maji na ujenzi wakawekwa chini ya mkurugenzi huyo, wafanye kazi kama kundi moja. Mkoa ukapewa fungu lake la fedha na kazi ya kutengeneza mpango wake. Kwa hiyo ile barua ya pampu ilitakiwa kumalizika karibu na nyumbani. Katika jambo hilo washauri waliona sawasawa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Kabla ya mpango huo palikuwa na halmashauri za wilaya, za watu waliochaguliwa na wananchi. Hali yao ilikuwa dhaifu. Kodi ya kichwa, iliyokuwa pato lao kubwa, iliondolewa mwaka wa 1969, na mwananchi hakuililia kodi ile hata kidogo. Mwaka wa 1972 halmashauri hizo zikavunjwa. Baraza la maendeleo la wilaya likawekwa mahali pake, na wawakilishi wa wananchi wakakaa humo. Lakini fedha na watumishi vilikuwa mikononi mwa mkurugenzi, na mkurugenzi hakuajiriwa na baraza. Aliyemweka ni Serikali Kuu, na hesabu yake aliitoa huko huko. Diwani aliweza kusema, kuamuru hakuweza. Barua ilipewa njia fupi, lakini mwenye barua hakuachiwa mtu wa kumwajibisha ikipotea.

Zamu ya miji ikafuata. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam nayo ikavunjwa, na mji ukagawanywa katika wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Kimbiji ikawa ya Temeke. Kwa hiyo wilaya hii ya Temeke, mliyoizoea kwenye stakabadhi na vyeti, ni zao la mpango ule wa ofisi.

Mpango wenyewe ulikuwa umepimwa kwa mwili wa vijijini, kisha mji ukavikwa nguo ile ile. Kijiji kinahitaji Bwana Shamba. Mji unahitaji mtu wa mifereji, mtu wa taka, mtu wa zimamoto. Kazi hizi zilikuwa za halmashauri, na halmashauri ilipoondoka zilikosa mlezi. Mifereji ikaziba, taka zikalundikana, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaenea nchini. Mwaka wa 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria za mwaka wa 1982 zikafungua njia ya kurudisha za wilaya pia, nazo zikaanza tena mwaka wa 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, akizungumza na mwandishi mmoja, alikiri kwamba kama angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Si viongozi wengi wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani.

Mnaweza kudhani mambo yaliishia hapo. La. Mwaka wa 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa tena kwa sababu huduma zilikuwa mbaya, ikawekwa Tume chini ya Ndugu Charles Keenja. Tume ilieneza kazi ya kuzoa taka kwa makampuni na vikundi vya wananchi, ikakaza ukusanyaji wa mapato. Wengi waliisifu. Lakini katika miaka ile ya Tume, mtu wa Kimbiji hakuwa na diwani. Mwaka wa 2000 Tume ikaondoka, na Ilala, Kinondoni na Temeke zikawa manispaa, kila moja na madiwani wake.

Bado ilikuwapo habari ya umbali. Kutoka Kimbiji hadi ofisi za Temeke ilikuwa ni kuzunguka kwa gari kupitia Kongowe, au kwenda Kigamboni ukapande pantoni, kisha uanze safari nyingine upande wa pili. Mtu aliweza kupoteza siku nzima kwa ajili ya sahihi moja. Katikati ya miaka ya 2010 Kigamboni ikatengwa na Temeke, ikawa wilaya na manispaa yake, na Kimbiji ikaingia humo. Mwaka wa 2016 Daraja la Nyerere likafunguliwa. Safari hii ofisi ndiyo iliyohama kumfuata mwananchi, na madiwani hawakuondolewa.

Sasa, mwalimu, chora mstari ubaoni kutoka upande mmoja hadi wa pili. Wanafunzi, chagueni haja moja ya Kimbiji: kisima, barabara au zahanati. Andikeni juu ya mstari huo barua inaanza kwa nani, inapita kwa nani, na nani anatia sahihi ya mwisho. Kisha chini ya mstari andikeni jina la kazi ya mtu mtakayemwendea sahihi hiyo isipopatikana. Tunawapa nusu saa.