Kimya kingi, mshindo mkuu: kirusi kilichosafiri kutoka Kampala

Tarehe 5 Desemba 1963, ndege iliyotoka Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikageuzwa kwenda Manchester. Ndani yake mlikuwa na kichupa chenye kinyama cha uvimbe aliokatwa mtoto mmoja Kampala. Kilipomfikia Anthony Epstein wa Hospitali ya Middlesex, maji ya kichupa yalikuwa yamechafuka kama maji yaliyooshewa mchele. Mwingine angesema bakteria wameshaingia, akamwaga. Epstein akaweka tone moja chini ya hadubini. Hawakuwa bakteria. Zilikuwa seli za saratani, nzima, zimebanduka kwa mitikisiko ya safari na zinaelea moja moja.

Kisa kilianza miaka sita nyuma, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 Dkt. Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, amtazame mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya la juu na la chini, kushoto na kulia. Jipu haliwi hivyo. Muda si mrefu baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alitupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Wa kwanza ulikuwa mkasa, wa pili ulikuwa ugonjwa. Akafukua mafaili, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakatembea takriban maili 10,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua, kulekule kwenye malaria.

Machi mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara Middlesex. Epstein alikuwamo ukumbini, akatoka akiwa na hakika kwamba nyuma ya ugonjwa huo kuna kirusi. Lakini kila alipokagua vinyama kutoka Kampala kwa hadubini ya elektroni, hakuona kitu. Zaidi ya miaka miwili ilipita hivyo. Zile seli zilizoelea ndizo zilizomfungulia njia, maana alizikuza kwenye chupa, yeye na Yvonne Barr, zikakubali kuota. Februari 1964 alipozitazama, kirusi kilikuwa mbele ya macho yake. Alizima mashine kwa hofu kwamba miale ingeunguza kile alichokiona, akatoka nje kuzunguka mtaa kwenye theluji. Mwezi uliofuata yeye, Bert Achong na Barr walitangaza matokeo katika jarida la Lancet. Kirusi hicho ndicho kinachoitwa Epstein-Barr.

Likabaki swali moja. Kwa nini kirusi kilinyamaza ndani ya uvimbe, kikajitokeza kwenye chupa?

Jibu lilitoka mbali na hospitali, kwenye kitu kiitwacho methili. Hicho ni kikundi kidogo mno cha atomi: kaboni moja na hidrojeni tatu. Seli hukibandika kwenye C, mojawapo ya herufi zinazoandika vinasaba. Herufi haifutiki wala haibadiliki, ila vikibandikwa vingi mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo haisomwi tena. Ni chumba kilichotiwa komeo: vyombo vyote vimo, lakini hakuna anayeingia. Mwaka 1975 Robin Holliday na John Pugh nchini Uingereza, na Arthur Riggs nchini Marekani, walipendekeza wazo hilo kila upande kivyake. Mwaka 1980 Peter Jones na Shirley Taylor, wa Los Angeles, walionyesha kwamba dawa ya azasitidini huyaondoa makomeo hayo. Baadaye seli za uvimbe wa Burkitt zilipopewa dawa hiyo, jeni za kirusi zilizokuwa zimelala zikaamka. Kumbe kirusi kilikuwamo muda wote. Jeni ambazo zingewashtua walinzi wa mwili zilikuwa zimefungwa.

Wakati huo kirusi kilikuwa kimeshajulikana kwenye saratani nyingine, ile inayoota juu ya koo, nyuma ya pua, ambayo imewasumbua sana watu wa kusini mwa China. Ripoti ya mwaka 1970 iliyoonyesha vinasaba vya kirusi ndani ya uvimbe huo ilikuwa na jina la Peter Clifford, daktari wa Nairobi, miongoni mwa waandishi wake. Afrika Mashariki ilikuwa imechangia tena.

Kisha ikaonekana kwamba komeo halifungi jeni za kirusi peke yake. Mwaka 1995 maabara ya David Sidransky, huko Baltimore, ilieleza jinsi p16, jeni inayofanya kazi ya breki ili seli zisigawanyike ovyo, inavyonyamazishwa na methili katika saratani mbalimbali, zikiwemo za kichwa na shingo. Mwaka 2001 watafiti wa Hong Kong wakakuta breki nyingine, RASSF1A, imefungwa vivyo hivyo katika saratani ya nyuma ya pua. Hapa breki ni nzima, ila imefungiwa.

Hong Kong hiyohiyo ndiko kulikofanyika kazi ya kumfaa mgonjwa. Mwaka 1999 Dennis Lo na wenzake walipima vinasaba vya kirusi katika damu ya wagonjwa wa saratani hiyo. Mwaka 2017 wakatoa matokeo ya wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili: waliokutwa na vinasaba vya kirusi mara mbili walikuwa 309, na saratani ikapatikana kwa 34, wengi wao ikiwa bado changa. Ugumu ni hao wengine waliobaki, kwa kuwa zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani wanaishi na kirusi hiki bila saratani. Watafiti wakarudi kwenye methili. Wakakuta kwamba vinasaba vya kirusi vinavyotoka kwenye uvimbe vimebandikwa kwa mpangilio tofauti na vile vya mtu asiye na saratani. Komeo ambalo kirusi kilijificha nyuma yake hata Epstein asikione, ndilo sasa linalokichongea.