Aliyehamishiwa mafuta usoni ajitunze vipi?

NI jambo la kawaida kwa mtu aliyehamishiwa mafuta usoni kujitazama kwenye kioo siku ya tatu na kudhani daktari amemharibu. Uso umefura, macho yamefinyika na ngozi imevilia damu. Hofu hiyo haina msingi, kwani uvimbe hufikia kilele chake siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua pole pole kwa muda wa majuma mawili hivi.

Upasuaji wenyewe si mgeni. Mnamo 1893, daktari Mjerumani, Gustav Neuber, alieleza jinsi alivyochukua mafuta mkononi mwa mgonjwa na kujazia kovu lililobonyea usoni. Siku hizi mafuta hunyonywa kwa mrija tumboni au mapajani, yakasafishwa, kisha yakadungwa usoni kidogo kidogo. Wanaouhitaji si wale tu wanaokimbizana na ujana. Wapo walioumizwa katika ajali, na wapo wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao mashavu yao yaliingia ndani kutokana na stavudine, dawa iliyotumiwa sana nchini kabla ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kupendekeza, mwaka wa 2009, iachwe hatua kwa hatua. Kuwaita hao wapenda anasa ni kuwaonea.

Masharti anayopewa mgonjwa yana sababu. Mafuta yaliyohamishwa ni chembe hai zilizokatiwa damu. Siku chache za mwanzo hujilisha kwa umajimaji wa nyama iliyo jirani, hadi mishipa midogo ya damu ichipuke na kuzifikia. Zisizofikiwa hufa, nao mwili huzifyonza. Kwa hivyo uso haufai kukandwa wala kubanwa, na mgonjwa hulala chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito. Sigara ni adui mkubwa zaidi, kwa kuwa nikotini huibana mishipa ile ile inayosubiriwa. Kuhusu barafu, madaktari wengi hawapendi iwekwe moja kwa moja juu ya mahali palipodungwa. Afadhali kuuliza kuliko kukisia.

Aspirini, ibuprofen na baadhi ya dawa za mitishamba huzidisha uvujaji wa damu, hivyo daktari aelezwe mapema kuhusu kila kitu anachomeza mgonjwa. Hata hivyo, aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kazi ya ofisini huweza kurejelewa baada ya juma moja au mawili, lakini mazoezi mazito husubiri zaidi.

Wengi husahau mahali mafuta yalikotolewa, ilhali huko ndiko maumivu huwa makali zaidi. Vazi la kubana huvaliwa kwa majuma kadhaa kulingana na agizo la daktari. Aidha, jua liepukwe hadi uvilio wa damu uishe, maana ngozi nyeusi huwa rahisi kubaki na madoa. Mwenye historia ya makovu yanayovimba anapaswa kulitaja hilo kabla ya kisu kumgusa.

Zipo dalili zisizongoja asubuhi. Homa, usaha, au wekundu na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua huashiria maambukizi. Kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kulegea upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema huweza kumaanisha kuwa mafuta yameingia katika mshipa wa damu. Ni nadra, lakini yanapotokea mgonjwa akimbizwe hospitalini papo hapo. Mnamo Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki moja jijini Nairobi. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ni heri kuuliza Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) iwapo kliniki na daktari husika wamesajiliwa, na kumuuliza daktari mwenyewe ni nani atakayepokea simu usiku wa manane.

Umbo halisi la uso hubainika baada ya miezi mitatu hadi sita, sehemu ya mafuta ikiwa imeshafyonzwa. Wengine hulazimika kurudia. Yaliyobaki huendelea kuishi kama mafuta mengine yoyote ya mwili: mwenyewe akinenepa nayo hunenepa, akikonda hupungua.