Ekipe ilihama, jina likabaki Seattle

Ekipe ya basketi ikihama muji, jina ni la nani? Kule Marekani, Seattle SuperSonics ilihamia Oklahoma City mwaka 2008, kisha miaka 41. Jina lilitokana na ndege ya mbio ambayo Boeing ilipanga kutengeneza Seattle. Ndege yenyewe haikuruka hata siku moja! Lakini watu walilizoea, tena walishinda nalo ubingwa wa 1979. Kwa mapatano, jina na rangi vikabaki Seattle. Oklahoma City ikatafuta lake: Bison, Wind, Energy… Tarehe 3 Septemba ikatangaza Thunder, ni kusema ngurumo, juu ya dhoruba za kwao. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliichezea mwaka 2024. Mashabiki wa Seattle walibaki na jina, bila wachezaji.