Kusajili, Kuwasilisha, Kuarifu: Historia Fupi ya Tovuti na Orodha Zake

Istilahi haizuki hewani. Kila neno la kitaalamu huzaliwa na kazi inayotendwa na watu, na kazi hiyo inapobadilika neno nalo hapana budi lichunguzwe upya. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kazi moja ambayo kwa Kiswahili yaweza kutajwa kwa vitenzi vitatu, nayo ni ile ya mwenye tovuti kuipeleka tovuti yake kwenye saraka na injini za utafutaji ili wasomaji wapate kuiona. Je, mtu huyo anasajili, anawasilisha au anaarifu? Wako wanaoyachukua maneno hayo kuwa ni visawe. Sisi tunaona kwamba sivyo, na kwamba historia ya kazi yenyewe ndiyo shahidi.

Enzi ya daftari

Pendekezo la kwanza la wavuti wa dunia liliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Mwanzoni seva zilikuwa chache mno, hata orodha yake iliweza kutunzwa kwa mkono hapo hapo CERN. Mwenye seva mpya alipeleka habari zake, na mtunza orodha akaongeza mstari mmoja.

Mwezi Novemba 1993 Martijn Koster alitangaza mfumo wa ALIWEB. Katika mfumo huo kila mwenye tovuti aliandika mwenyewe faili fupi yenye maelezo ya kurasa zake, kisha akaujulisha mfumo mahali faili hiyo ilipo. Shabaha ilikuwa njema, maana nani amjuaye mtoto kuliko mzazi wake? Lakini wengi hawakujua kwamba wanatakiwa kuandika faili hiyo, na waliojua hawakuwa na nafasi. Kwa hiyo orodha ilibaki ndogo huku wavuti ukizidi kupanuka.

Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kupanga tovuti walizozipenda kwa mafungu na vijifungu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa saraka ya Yahoo. Hapa utaratibu ulikuwa kamili kama wa ofisi ya masjala. Mwombaji alitafuta kwanza fungu linaloifaa tovuti yake, akaandika jina, anwani na maelezo mafupi, kisha akangoja. Mhariri, ambaye ni binadamu, aliitembelea tovuti hiyo na kuamua kama itaingia au haitaingia. Baadaye ada iliwekwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2001 tovuti za biashara zilidaiwa dola 299 kwa mwaka. Yafaa tuzingatie kwamba fedha hizo zilikuwa malipo ya kufikiriwa, wala hazikuwa ahadi ya kukubaliwa.

Mwaka 1998 ilianzishwa saraka nyingine, iliyojulikana baadaye kwa jina la DMOZ, ikiendeshwa na wahariri wa kujitolea bila ada yoyote. Ilipofungwa mwezi Machi 2017 ilikuwa na tovuti zaidi ya milioni 3.8, na wahariri waliopata kuitumikia walizidi 90,000. Saraka ya Yahoo ilikuwa imekwisha kufungwa mwishoni mwa mwaka 2014. Jeshi lote hilo la wahariri halikuweza kwenda sambamba na kasi ya wavuti.

Enzi ya programu zinazotambaa

Wakati saraka zikijengwa, njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanza. Mwezi Juni 1993 Matthew Gray wa chuo cha MIT alitengeneza programu iliyotambaa yenyewe kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo. Mwaka 1994 WebCrawler, kazi ya Brian Pinkerton wa Chuo Kikuu cha Washington, iliweka katika faharasa maneno yote ya kila ukurasa ilioufikia. AltaVista ilifuata mwezi Desemba 1995, na Google ikaundwa kuwa kampuni mwaka 1998, ikiwa na mbinu ya kuupima ukurasa kwa viungo vinavyoelekea kwake.

Injini hizo nazo zilikuwa na fomu za kupokea anwani. Lakini hapakuwa na mhariri nyuma ya fomu. Kuleta anwani kulikuwa ni kuionyesha programu mlango tu. Kuingia, kusoma na kuupa ukurasa cheo lilikuwa jambo jingine. Hata hivyo walizuka wafanyabiashara waliouza huduma ya kupeleka tovuti kwa mamia ya injini kwa mara moja, na wengi walinunua wakidhani wamenunua nafasi ya mbele.

Mwaka 2005 Google ilianzisha ramani ya tovuti, yaani faili inayoorodhesha kurasa zote, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali mpango huo. Mwezi Julai 2018 Google iliifunga fomu yake ya kupokea anwani kutoka kwa watu wote. Mwaka 2021 Microsoft na Yandex walitoa utaratibu wa IndexNow, ambao kwao tovuti yenyewe huijulisha injini kila ukurasa unapoongezwa au kubadilishwa. Ndugu msomaji ataona kwamba tumerudi karibu na wazo la ALIWEB, ila sasa faili huandikwa na mashine.

Neno lipi, mahali gani?

Kusajili ni kazi ya mwenye daftari. Mwenye mali haisajili mali yake mwenyewe; huomba isajiliwe. Kwa hiyo neno hili linaifaa saraka, ambako yupo mhariri anayekubali au kukataa. Kuwasilisha, kwa asili yake, ni kufanya kitu kiwasili. Aliyewasilisha amefikisha, lakini hana ahadi. Hilo linaifaa fomu ya anwani pamoja na ramani ya tovuti. Kuarifu ni kutoa habari ya jambo lililotokea, nalo linaufaa utaratibu wa sasa wa kujulisha mabadiliko. Anayemwambia mteja kwamba atamsajilia tovuti yake kwenye injini ya utafutaji anaahidi jambo lisilo katika uwezo wake. Hivyo ulegevu wa neno moja waweza kumgharimu mtu fedha.

Liko na jambo la pili, linalotuhusu sisi zaidi. Mwenye saraka alimwuliza mwombaji, “Tovuti yako ni ya nini?” Injini haiulizi, huyasoma maneno yaliyomo. Mwandishi akiandika “tarakilishi” na msomaji akitafuta “kompyuta”, injini inayolinganisha herufi tu haitawakutanisha. Aidha lugha yetu hubadilisha maneno mwanzoni: mwalimu huwa walimu, na kitenzi “soma” hujificha ndani ya “walisoma” na “hawajasoma”. Watunga kamusi walikutana na tatizo hili zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilipanga nomino nyingi chini ya mizizi yake, ambapo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliziorodhesha kwa herufi ya kwanza ya neno zima. Swali la kamusi ndilo limekuwa swali la injini.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, vitenzi vitatu tulivyovijadili vitumike kila kimoja mahali pake. Pili, mwandishi wa tovuti ya Kiswahili atumie istilahi sanifu, lakini pale ambapo neno jingine limeenea miongoni mwa watu alitaje nalo walau mara moja katika ukurasa. Usanifishaji haukukusudiwa kumficha mwandishi asionwe na wasomaji wake. Istilahi isiyoandikwa na wengi haitatafutwa na wengi, na ukurasa usiotafutwa, hata ukiwasilishwa mara mia, utabaki kama barua isiyo na wa kuifungua.