Kizingiti cha Lugha: Historia Fupi ya Ngazi katika Filamu za Kufunzia Kijerumani

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza jinsi filamu fupi za kufunzia Kijerumani zilivyopata kupangwa kwa ngazi, na jinsi ngazi hizo zilivyotoka darasani zikaingia katika sheria.

Yafaa ikumbukwe kwamba filamu zilitangulia ngazi. Katika miaka ya 1960 Goethe-Institut, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1951, ilikuwa na mfululizo wa filamu 26 ulioitwa Guten Tag. Mwanafunzi alianza na ya kwanza akaishia na ya mwisho. Hapakuwa na kipimo kilichokubaliwa na wote cha kumwonyesha amefika wapi.

Kipimo kilitoka kwingine. Mwaka 1975 Baraza la Ulaya lilichapisha kazi ya J. A. van Ek juu ya kile alichokiita kizingiti cha lugha. Hakuuliza mwanafunzi ajue kanuni ngapi za sarufi, bali mtu mzima aliye ugenini ahitaji kutenda nini kwa maneno: kuomba, kukataa, kuuliza njia, kushukuru. Swali hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa la kiungwana. Mwaka 2001 ndipo Baraza hilo lilipotoa ngazi sita, kutoka A1 hadi C2.

Ngazi za namna hii ziliafikiana na filamu fupi kama chanda na pete. Kuagiza chakula ni stadi ya ngazi ya chini. Pia ni tukio la dakika mbili. Ndivyo ilivyo Nicos Weg, kozi ya Deutsche Welle ya ngazi za A1, A2 na B1: kijana Nico anawasili Ujerumani kutoka Hispania, anapoteza begi lake, anamtafuta shangazi yake Yara, na kila shida humfunza maneno mapya.

Hata hivyo, picha haifunzi kila kitu. Msemaji wa Kiswahili, aliyelelewa na ngeli, hashangai kuona nomino ikiitawala sentensi. Lakini ngeli zetu aghalabu hujitangaza kwa viambishi, ilhali Wajerumani husema der Löffel, die Gabel, das Messer: kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, kisu si hiki wala kile. Filamu huonyesha kijiko kwa urahisi. Jinsia ya kijiko haipigiki picha.

Mwaka 2007 Ujerumani ilipitisha sheria kwamba mume au mke atokaye nje ya Umoja wa Ulaya, isipokuwa watu wa nchi kadhaa na hali maalumu, athibitishe Kijerumani cha mwanzo, yaani A1, kabla ya kumfuata mwenzi wake. Kenya haimo miongoni mwa nchi zilizosamehewa. Hapo kizingiti kilipata maana yake ya pili katika Kiswahili, ile ya pingamizi. Nico ni Mhispania. Huvuka mpaka kwanza, akajifunza baadaye. Bibi wa Kisumu aliyeolewa na mtu anayeishi Hamburg hutazama filamu ile ile kwenye simu yake, lakini kwake mpangilio umepinduliwa: hana budi kuhitimu ngazi ya mgeni aliyekwisha fika, naye bado yuko kwao. Katika mtihani wake wa kusikiliza huchezewa matangazo ya stesheni za reli ambazo hajaruhusiwa kuzifikia.